Jinsi ya kumpima mgombea usherifu wa kaunti yako kabla hujampa kura: mwongozo kamili kwa Waswahili tulioko Marekani

Kila uchaguzi ni yale yale. Mtu ameshapata uraia, amejiandikisha, amepanga foleni vizuri tu, anaichukua karatasi ya kura anajaza rais, gavana, seneta, akishuka chini anakuta sherifu na majina mawili ambayo hajawahi kuyasikia, basi anachagua lile lililomkaa vizuri mdomoni au anaruka kabisa. Mimi hili linaniuma kwa sababu huyo wa chini kwenye karatasi ndiye mwenye funguo za jela ya kaunti, ndiye anayetuma maafisa kukutoa kwenye nyumba mahakama ikishaamua, na sehemu nyingi watu wake ndio wanakusimamisha na gari usiku nje ya mji.

Na naelewa kwa nini tunaruka. Kwetu mkuu wa polisi hapigiwi kura. Tanzania mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) na wa mkoa (RPC) wanapangwa kutoka juu, Kenya mkuu wa kituo (OCS) analetwa na uhamisho ukitoka anaondoka, na ukimtajia Mkenya kaunti anafikiria gavana, barabara na hospitali, polisi hawamo humo. Congo na Burundi nako polisi ni wa serikali kuu. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yetu na suti yake anasema nichagueni nisimamie polisi na jela, hatujui tumuulize nini, tunampigia makofi tunaenda kula. Mwongozo huu ni wa hapo hapo, anapokuja kueleza sifa zake na vipaumbele vyake, wewe usikilize nini, ukague nini, na umbane wapi.

Kwanza kabisa: kama hujawa raia, usipige kura

Nasema hili mapema kwa sababu kuna watu wameharibikiwa. Grini kadi haikupi kura ya sherifu, na kujiandikisha tu, hata kwa bahati mbaya pale DMV, ofisi ya leseni za udereva, ukijaza fomu ya leseni ukaweka tiki bila kusoma, kunaweza kukukwamisha kwenye maombi ya uraia au hata kukuingiza kwenye kesi ya kurudishwa nyumbani. Fomu ya uraia yenyewe inakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Mama au mjomba ambaye Kiingereza kinampiga chenga asiachwe peke yake na ile fomu.

Ila usidhani basi haya hayakuhusu. Mikutano ya wagombea iko wazi, kuuliza swali huulizwi karatasi, na mgombea akiona watu 40 wa jamii moja wamekaa mstari wa mbele anajua kuna raia humo na kuna watoto wao watakaopiga kura miaka ijayo.

Hatua ya 1: Jua sherifu wa kaunti YAKO anafanya kazi gani

Hapa ndipo wengi wanakosea, wanachukua habari za Texas wanazipeleka Pennsylvania. Sherifu anapigiwa kura kwenye majimbo mengi sana lakini sio yote. Connecticut walifuta masherifu wa kaunti mwaka 2000, Rhode Island na Hawaii hawapigiwi kura, Alaska haina kabisa. King County, kule Seattle ambako Waafrika Mashariki tumejaa, wananchi waliamua mwaka 2020 kwamba sherifu awe anateuliwa, kwa hiyo ukiishi huko usimtafute kwenye karatasi. Miami-Dade wao walienda kinyume, mwaka 2024 walimchagua sherifu kwa kura kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 60.

Na kazi zenyewe zinatofautiana. Kwa kawaida sherifu ana mambo manne: doria kwenye maeneo ambayo hayana polisi wa mji, jela ya kaunti, ulinzi wa mahakama, na kupeleka hati za mahakama zikiwemo amri za kumtoa mpangaji kwenye nyumba. Kwetu hii ya mwisho anaifanya dalali wa mahakama, hapa anakuja depyuti, yaani afisa wa sherifu, na beji. Lakini Kentucky, pale Louisville na Bowling Green penye Wakongo wengi, sherifu ndiye anakusanya kodi ya majengo na ardhi, halafu kwenye kaunti nyingi za jimbo hilo kuna mtu mwingine kabisa anayepigiwa kura kwa ajili ya jela, na Louisville jela iko chini ya serikali ya mji. Pennsylvania sherifu kazi yake kubwa ni mahakama, hati na vibali vya bunduki, doria ni ya polisi wengine. California kaunti nyingi sherifu ndiye pia anayechunguza vifo, yaani mtu akifia mikononi mwa maafisa wake ofisi inayosema amekufa kwa nini ni ofisi yake mwenyewe, na hilo linatosha kuwa swali la mkutano mzima.

Ukubwa nao usikupoteze. Los Angeles County ina watu karibu milioni 10, Loving County kule Texas sensa ya 2020 ilikuta watu 64, na kote kuna sherifu wa kupigiwa kura. Mgombea wa kaunti ndogo ya mashamba usimpime kwa kipimo cha Houston.

Fanya hivi: ingia tovuti ya kaunti yako, fungua ukurasa wa ofisi ya sherifu, andika kwenye karatasi idara zake. Kama jela imo, weka alama kubwa pembeni, maana mwongozo uliobaki utarudi hapo mara nyingi.

Hatua ya 2: Jua tarehe, na usidharau mchujo

Majimbo mengi sherifu anakaa miaka 4, New Jersey ni 3, Massachusetts ni 6. Minnesota, Kentucky, North Carolina na Illinois mwaka wao ni 2026, uchaguzi mkuu ni Novemba 3. Texas, Ohio na Iowa walichagua 2024, wanarudi 2028. California wamehamisha masherifu waende mwaka mmoja na rais, ndio maana waliochaguliwa 2022 wanakaa mpaka baada ya uchaguzi wa 2028.

Lakini Novemba mara nyingi mambo yameshaisha zamani. Kaunti ikiwa ya chama kimoja, anayeshinda mchujo ndiye sherifu, Novemba ni kutimiza sheria tu, na sehemu nyingi hata mpinzani hayupo. Texas, Illinois na North Carolina mchujo unakuja Machi, Kentucky Mei, Minnesota Agosti. Kentucky kuna mtego mwingine: mchujo unapiga kwa chama ulichojiandikisha, na kubadilisha chama mwisho ni Desemba 31 ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo ukishtuka Aprili umechelewa. California, ambako masherifu hawagombei kwa chama, mtu akivuka nusu ya kura kwenye mchujo amemaliza. Alameda County, upande wa Oakland, mwaka 2022 Yesenia Sanchez alimng'oa sherifu wa siku nyingi Gregory Ahern hapo hapo kwenye mchujo wa Juni, na waliokuwa wanasubiri Novemba wakakuta hakuna cha kusubiri.

Kujiandikisha pia angalia, Texas na Ohio ni siku 30 kabla, Minnesota unaweza siku ile ile kituoni.

Hatua ya 3: Kusanya maneno yao wenyewe

Kwa kila mgombea tafuta vitu vitatu: kipeperushi au tovuti yake, video moja ya mdahalo au mahojiano marefu, na majibu yake ya maandishi kwa magazeti ya hapo au kwa League of Women Voters, hili ni shirika la tangu 1920 halimuungi mkono mgombea yeyote, kazi yao ni kuwatumia maswali yale yale wote na kuyachapisha majibu. Asiyejibu kabisa, hilo nalo ni jibu.

Gawa karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika sifa anazodai, upande wa pili vipaumbele anavyoahidi. Usichanganye, maana wagombea wanapenda kuchanganya, unauliza atafanya nini na jela anakujibu babu yake alikuwa sherifu.

Hatua ya 4: Pasua sifa moja moja

Hapa tukae kidogo.

*"Nina miaka 25 kwenye kazi ya polisi."* Sawa, lakini miaka 25 ya nini? Kuna aliyekaa doria, kuna mpelelezi, kuna aliyekuwa ofisini na makaratasi, kuna aliyeongoza watu 200 na kuna ambaye hajawahi kuongoza hata watano. Sherifu ni meneja. Anasimamia watu, mishahara, mikataba, majengo, kesi za fidia. Muulize: umewahi kusimamia watu wangapi na bajeti kiasi gani? Mwenye uzoefu wa kweli anakutajia namba papo hapo hata hajafungua simu.

*"Nina sifa zote za kisheria."* Sheria zenyewe hazifanani. Minnesota hugombei usherifu kama huna leseni ya polisi. North Carolina hawadai hata siku moja ya upolisi, walichofanya ni kubadilisha katiba ya jimbo mwaka 2010 kumzuia mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Kwa hiyo kutimiza sheria ni kiwango cha chini tu. Na upande wa pili, kutokuwa polisi sio ubaya wenyewe: Tom Dart wa Cook County, Chicago, aliyeingia baada ya uchaguzi wa 2006, alitokea kwenye uendesha mashtaka na ubunge wa jimbo. Mwaka 2008, wakati watu wanapoteza nyumba kwa mikopo, alisimamisha maafisa wake kuwatoa watu kwenye nyumba zilizonyang'anywa na benki, kwa sababu walikuwa wanagonga milango wanakuta wapangaji wanaolipa kodi yao kila mwezi wala hawajui kama mwenye nyumba ameshindwa mkopo. Hapo unaona sherifu ana nafasi ya kuamua mambo ambayo kwenye kipeperushi hayaandikwi.

*"Mhitimu wa FBI National Academy."* Hii utaikuta sana, na jamaa wengi wanasoma wanadhani alikuwa FBI. Hapana. Ni kozi ya wiki 10 pale Quantico, Virginia, ya kuwanoa viongozi wa polisi wa miji na kaunti. Ni kitu kizuri na hawaingii hovyo, ila ni kozi, mtu hakuwa mpelelezi wa serikali kuu.

*"Nimeongoza jela."* Kwangu hii ndiyo sifa nzito kuliko zote, na pia ndiyo ya kukagua kuliko zote. Sanchez wa Alameda alikuwa ndiye msimamizi wa jela ya Santa Rita, jela yenye kelele za muda mrefu kuhusu watu kufia ndani, kwa hiyo uzoefu wake wapo waliouona ni sababu ya kumchagua na wapo waliouona ni sababu ya kumuuliza maswali magumu. Wote walikuwa sahihi kuuliza. Mtu akidai aliongoza kitu, kiangalie kile kitu kilikuwaje chini yake.

*"Naungwa mkono na chama cha madepyuti."* Chama cha wafanyakazi kinatetea mishahara na ulinzi wa wanachama, ndiyo kazi yake. Chukua kama habari, usichukue kama cheti cha tabia.

Hatua ya 5: Kagua, usiamini karatasi yake

Andika jina lake kwenye tovuti ya mahakama ya kaunti uone kesi za madai na jinai. Tafuta gazeti la hapo hapo, la kaunti, sio la taifa, maana ugomvi wa ofisi ya sherifu unaandikwa na mwandishi mmoja wa hapo anayekaa kwenye vikao mpaka usiku. Angalia taarifa za michango ya kampeni, ziko wazi kwa sheria. Ukiona kampuni za chakula cha jela, matibabu ya jela, simu za jela, au za dhamana zimemchangia, sio lazima kuna kosa, lakini ndizo kampuni zitakazokuja kuomba mkataba au biashara mlangoni kwake, kwa hiyo una haki ya kuuliza.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza chakula, nenda Alabama. Kule sheria ya zamani ilikuwa inampa sherifu pesa za kulisha mahabusu, zikibaki anabaki nazo yeye. Mwaka 2009 jaji wa serikali kuu alimlaza ndani usiku mmoja sherifu wa Morgan County, Greg Bartlett, ikabainika ameweka mfukoni zaidi ya dola 200,000 kwa miaka mitatu huku mahabusu wanalishwa soseji za unga wa mahindi mara mbili kwa siku wiki nzima nzima, kwa sababu alizipata kwa bei ya kutupa. Tena mwaka 2018 ikatoka habari ya sherifu wa Etowah County, Todd Entrekin, amechukua zaidi ya dola 750,000 za mfuko huo wa chakula na amenunua nyumba ya ufukweni ya dola 740,000. Juni mwaka huo huo akaanguka kwenye mchujo, na 2019 sheria ikabadilishwa. Wapiga kura wa Etowah hawakuhitaji shahada, walihitaji mtu mmoja asome makaratasi na wengine wasikie.

Sasa bajeti. Usiogope, fanya hivi: tafuta bajeti ya kaunti ya mwaka huu na ya miaka miwili nyuma, utapata faili refu, nenda kwenye kurasa za ofisi ya sherifu tu. Angalia mistari minne: ovataimu, matibabu ya jela, chakula, na malipo ya kesi za fidia. Ovataimu ikipanda kila mwaka maana yake askari wa jela hawatoshi, waliopo wanapigishwa shifti mbili, wamechoka, na mtu aliyechoka hasikii mahabusu anayegonga mlango saa nane za usiku kifua kinambana. Malipo ya kesi yakipanda jua kuna kitu kinavunjika. Maricopa County kule Arizona, Joe Arpaio alikaa usherifu kuanzia 1993 mpaka alipoangushwa Novemba 2016, sifa yake kubwa ilikuwa ukali na jela ya mahema jangwani, na kesi moja tu ya ubaguzi wa watu wenye sura ya Kilatino imewagharimu walipa kodi wa kaunti mamilioni kwa mamilioni ya dola, na bili zimeendelea kuja hata baada ya yeye kuondoka.

Baadhi ya majimbo yana wakaguzi wa jela. Texas kuna tume ya viwango vya jela inayochapisha ripoti za ukaguzi, unaona jela ya kaunti yako imefaulu au imefeli na kwa nini. Sandra Bland alipokufa kwenye jela ya Waller County Julai 2015, siku tatu tu baada ya kusimamishwa barabarani kwa kutowasha indiketa, jimbo likaja kupitisha sheria mwaka 2017 yenye jina lake inayodai, pamoja na mambo mengine, kifo cha jela kichunguzwe na chombo kingine, sio ofisi ile ile. Mgombea wa Texas asiyeijua hiyo sheria hajajiandaa.

Hatua ya 6: Tenganisha ahadi anayoiweza na asiyoiweza

Chukua ule upande wa pili wa karatasi yako. Kila ahadi iulize: hii iko mkononi mwa sherifu?

Kupunguza kodi, hapana, bajeti inapitishwa na bodi ya kaunti, yeye anaomba tu. Kumaliza mauaji katikati ya mji wenye polisi wake, hapana au kidogo sana. Kubadilisha urefu wa vifungo, hapana. Mambo ambayo yako mkononi mwake ni haya: nani anaajiriwa na nani anafukuzwa, jela inaendeshwaje, mkataba wa simu na matibabu, maafisa wake wanasimamisha magari kwa sababu gani, wanavaa kamera au hawavai, wanafika vipi kwenye nyumba yenye mgonjwa wa akili.

Uhamiaji ndio unatugusa sana na ndio una uongo mwingi pande zote. Kuna mkataba unaitwa 287(g), upo kwenye sheria tangu 1996, unaowaruhusu maafisa wa sherifu kufanya baadhi ya kazi za ICE, yaani idara ya serikali kuu inayokamata na kurudisha watu makwao, mara nyingi ndani ya jela, na aina ya kuwatumia barabarani iliyosimamishwa 2012 ikarudishwa 2025. Mwaka 2018 Garry McFadden wa Mecklenburg, yaani Charlotte, na Gerald Baker wa Wake, yaani Raleigh, walichaguliwa wakiahidi kuutoa, na wakautoa. Lakini Novemba 2024 bunge la jimbo la North Carolina likapitisha kwa nguvu, gavana alishaikataa, sheria inayowalazimisha masherifu kushirikiana na ICE. Texas nao, sheria ya 2025 inawataka masherifu wenye jela waingie mkataba huo, na Illinois sheria inawakataza. Kwa hiyo mgombea wa Houston akikuahidi hatagusa mambo ya ICE, na mgombea wa Chicago akiahidi atawajaza ICE jela, wote wanakuuzia kitu ambacho hawana. Muulize hivi: sheria ya jimbo letu inakulazimisha nini, na pale ilipokuachia nafasi utaamua vipi?

Jua pia kwamba mtu akiingizwa jela ya kaunti alama za vidole zinaenda FBI na uhamiaji wanaziona, sherifu awe nani. Tofauti inakuja kwenye mambo kama ICE ikiomba mtu azuiliwe mpaka saa 48 baada ya muda wake wa kutoka, kuna majimbo sherifu analazimika, kuna yanayomkataza, na kuna yanayomwachia mwenyewe.

Halafu kuna wagombea wanaosema sherifu ndiye mkubwa kuliko wote kwenye kaunti na sheria asiyoiona ni ya kikatiba hataisimamia. Msimamo huo una wafuasi wengi, hasa kwenye bunduki. Sitakuambia umkatae, ila muulize nani atamwambia yeye kwamba amekosea, maana sherifu bodi ya kaunti kwa kawaida haiwezi kumfukuza. Los Angeles walilijua hilo kwa tabu: Alex Villanueva alishinda 2018 akiahidi mageuzi na kuwatoa ICE jela, halafu miaka minne ikawa vita na bodi na tume ya usimamizi, mpaka 2022 wapiga kura walipomtoa wakamweka Robert Luna, na siku ile ile wakapitisha kipengele kinachoipa bodi uwezo wa kumwondoa sherifu kwa kura nne kati ya tano.

Hatua ya 7: Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Chagua mawili tu, hutapata nafasi ya zaidi. Yaandike kwa Kiingereza kabla, mpe kijana wa chuo ayanyooshe, na usome kwenye karatasi bila aibu.

1. Wangapi wamekufa kwenye jela yetu miaka mitatu iliyopita, na utabadilisha nini cha kwanza?
2. Mtu mwenye kisukari, presha au dawa za kila siku akiingizwa Ijumaa usiku, anapata dawa yake saa ngapi?
3. Dakika moja ya simu kutoka jela ni shilingi ngapi, yaani senti ngapi, na ofisi yako inapata mgao kwenye hiyo pesa?
4. Mtu anayeongea Kiswahili au Kinyarwanda akipiga 911 au akikamatwa, mkalimani anapatikana vipi? Mtoto wake wa miaka 10 atatumika?
5. Familia ikipiga simu mtoto wao amechanganyikiwa, atakuja nani na atakuwa amefundishwa nini?
6. Depyuti akishtakiwa kwa kumpiga mtu, anachunguzwa na nani?

Swali la nne msiliache nyumbani. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza ofisi inayopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mahakama zimeihusisha na lugha, na ofisi za masherifu karibu zote zinapokea hizo pesa. Mgombea anayejibu "tunatumia programu ya simu" muulize nani ameijaribu kwa Kiswahili cha Bukavu au cha Goma, maana maswali ya afisa saa saba usiku sio ya kukisia.

Ukimwalika mgombea kanisani au msikitini au kwenye chama cha jamii, waalike wote kwa barua moja, siku moja, na muda sawa. Kanisa na msikiti wenye msamaha wa kodi ukimkaribisha mmoja tu mnaweza kujitafutia matatizo. Mkalimani asiwe shabiki wa mgombea yeyote, na mzee atakayeongoza mkutano awe na uwezo wa kumkatisha mheshimiwa muda ukiisha, hata kama amekuja na kofia na bastola kiunoni.

Sikiliza anavyojibu. Mimi mgombea aliyeongea dakika 20 bila kutaja jela hata mara moja namtilia shaka, kwa sababu usiku huo huo kuna watu kule ndani walio wengi hawajahukumiwa, wanasubiri tarehe au wameshindwa dhamana, na yeye anaomba kazi ya kuwatunza. Anayesema "hilo silijui, nitakutafutia jibu" halafu kweli akakuandikia, muongezee alama.

Hatua ya 8: Siku ya kura

Chapisha karatasi ya kura ya mfano kutoka tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti, jaza nyumbani, nenda nayo. Usitegemee simu, Texas kwa mfano simu haziruhusiwi ndani ya futi 100 za vibanda vya kura.

Karatasi ya Kiswahili usiitegemee, sheria ya serikali kuu ya lugha kwenye kura inalazimisha Kihispania, lugha za Asia na za wenyeji wa asili tu. Lakini kipengele cha 208 cha sheria ya haki za kupiga kura kinamruhusu asiyeweza kusoma au kuandika, asiyeona, au mwenye ulemavu kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mtoto wake, jirani, yeyote, isipokuwa bosi wake au mwakilishi wa bosi au wa chama chake cha wafanyakazi. Kwa hiyo bibi yako ana haki ya kukutaka wewe. Mkizuiwa, taja kipengele 208 kwa utulivu na muombe msimamizi wa kituo. Msaidizi anasoma na anajaza anachoambiwa, hamchagulii.

Baada ya matokeo

Weka ile karatasi yako ya ahadi. Bodi ya kaunti inakaa kupanga bajeti kila mwaka, tarehe ziko kwenye tovuti, na sherifu au mtu wake anakuja kuomba pesa mbele ya watu. Mwananchi anaruhusiwa kuongea, mara nyingi dakika mbili au tatu, raia na asiye raia, unajiandikisha mlangoni au mtandaoni. Nenda na mstari mmoja tu, ule wa ovataimu au wa matibabu ya jela, isome namba ya mwaka jana na ya mwaka huu, halafu isome ahadi yake kama alivyoiandika yeye mwenyewe.